UZI: Propaganda haihangaiki na wewe, inahangaika na picha uliyonayo ya majirani zako (na sisi wa Arusha ushahidi uko mlangoni)

Wakuu habari za jioni.

Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite kimya kimya asije akaniuliza "kwa kifupi ni nini" huko chini.

Nimeandika huu uzi kwa sababu ya ubishi wa kijiweni hapa Mianzini. Kuna chalii msomi kabisa, digrii anayo, amekaza shingo kwamba propaganda za siasa ni za kuwapata wajinga, watu wa huko porini wasiojua kusoma, yeye hawezi kuingizwa mkenge. Nikamuuliza swali moja tu, mtaani kwako watu wako na nani? Akajibu bila hata kuwaza, "aah sisi kule wote ni wa fulani, yani wote". Umeongea na wangapi? Akaanza kunihesabia stetasi za WhatsApp, fulana, mabango ya pale Kilombero, na msafara wa bodaboda uliopita juzi na mavuvuzela. Mtu hata mmoja hajaongea naye! Na huyo ndo anasema hajaingizwa.

Sasa hoja yangu ni hii hapa, mnaotaka kupinga pingeni hii. Wengi wetu tunadhani propaganda ni uongo unaogongwa kichwani kwako mpaka unaukubali. Hiyo ipo ndio, ila ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi yenyewe ni kukuonyesha kwamba wenzako wote wameshaamua. Ukishaamini hilo, kilichobaki unakimalizia mwenyewe, bure, bila hata kulipwa nauli.

Tuanze na kajaribio ka zamani. Marekani miaka ya 1950 kulikuwa na mtaalamu wa saikolojia anaitwa Solomon Asch, aliwaita wanafunzi wa chuo akawakalisha pamoja, anawaonyesha kadi yenye mstari mmoja, halafu kadi ya pili yenye mistari mitatu, useme upi una urefu sawa na ule wa kwanza. Mtoto wa darasa la pili anapata. Ila pale mezani wote walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja tu, na waliopangwa kuna raundi walikuwa wanataja jibu la uongo kwa sauti, huyu akimaliza na huyu, kwa kujiamini kabisa, na yule asiyejua kitu anakuwa karibu na mwisho. Unaweza kuhisi jasho lake. Karibu robo tatu ya waliopimwa walilifuata jibu la uongo angalau mara moja, na ukijumlisha majibu yote ya zile raundi za mtego kama theluthi nzima yalikuwa ya kufuata mkumbo. Walipoulizwa baadaye, wapo waliosema waliona wazi kwamba jibu sio lile, ila hawakutaka kuonekana wao ndo wa ajabu.

Hawakutishiwa, hawakuhongwa hata soda. Na ilikuwa ni mistari tu, sio siasa, sio mambo ya kupoteza kazi au kutengwa na ukoo.

Sasa hii kitu wanasiasa na wafanyabiashara walikuwa wameshaijua hata kabla ya Asch kuipima. Mwaka 1916 Woodrow Wilson alishinda urais Marekani kwa kujisifia kwamba kawaepusha wananchi na vita ya Ulaya. April 1917 huyo huyo akaingia vitani. Utawageuzaje watu haraka hivyo? Wakaunda kamati ya habari chini ya mwandishi wa habari anaitwa George Creel, na moja ya vitu walivyofanya, na kwangu mimi ndo cha akili kuliko vyote, walitafuta watu wa kujitolea kama 75,000 nchi nzima, mwanasheria wa mji, mfanyabiashara, mwalimu, watu ambao mtaa unawajua. Kule kwenye majumba ya sinema mkanda ulikuwa unabadilishwa, inachukua kama dakika nne hivi, basi katika hizo dakika nne anasimama mmoja wao anaongea. Yani haongei waziri kutoka Washington, anaongea jirani yako uliyekutana naye asubuhi dukani. Mtu anatoka pale anajua kabisa kwamba mji mzima unataka vita, wakati aliyeongea ni mmoja na karatasi ya maelekezo kapewa.

Kwenye ile kamati alikuwepo kijana anaitwa Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud yule wa saikolojia. Vita ilipoisha akajiuliza kama hii imefanya kazi kwenye vita kwa nini isifanye kazi kwenye amani. Jumapili ya Pasaka mwaka 1929, akiwa analipwa na kampuni ya sigara, akapanga wanawake wavute sigara hadharani kwenye maandamano ya Pasaka pale Fifth Avenue, New York, enzi hizo mwanamke kuvuta barabarani ni aibu kubwa. Kabla ya hapo alikuwa ameshaenda kumuuliza mtaalamu wa saikolojia sigara ina maana gani kwa mwanamke, ndo ikazaliwa ile lugha ya "mienge ya uhuru". Magazeti yakaandika kama habari. Nani anaandika tangazo la sigara bure? Hakuna. Ila habari ya wanawake kudai haki yao, hiyo wote wanaandika. Msomaji aliyeko mji mwingine hakuona kampuni, aliona wanawake wenzake wameshaanza.

Huyo Bernays mwaka 1928 aliandika kitabu na jina la kitabu ni hilo hilo, Propaganda, wala hakuficha.

(Goebbels, yule waziri wa propaganda wa Hitler, sitamkalia sana maana kila mtu anamjua. Ila mambo mawili. Utawala wao ulihakikisha inatengenezwa redio ya bei nafuu kabisa, mark 76, ili kila nyumba iwe nayo. Na mwaka 1933 aliwaambia mabosi wa redio jambo la kwanza wasiwe wanaboa. Yani hotuba peke yake haitoshi, weka muziki. Shikilieni hiyo ya muziki.)

Sasa tuje nyumbani.

Wadogo zangu wa Arusha mnaopita pale AICC, lile jengo la mikutano ya kimataifa, kila siku mkielekea mjini, sijui kama mnajua lile jengo limesikiliza nini. Kuanzia katikati ya miaka ya 90 mpaka 2015 ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilikuwa pale. Raia ulikuwa unaruhusiwa kuingia kusikiliza, unakaa nyuma ya kioo unapewa hedifoni unachagua lugha, Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza. Mimi nilikuwa naenda na wenzangu wa shule, mwanzoni sababu kuna kiyoyozi, siwadanganyi.

Kesi iliyonifumbua macho ni ile walioiita kesi ya vyombo vya habari. Washtakiwa watatu. Ferdinand Nahimana, huyu alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu. Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria aliyekuwa na cheo wizara ya mambo ya nje. Na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Hao wawili wa kwanza walihusika na kuanzisha redio ya RTLM. Hukumu ilitoka tarehe 3 Desemba 2003, jaji Navanethem Pillay akamwambia Nahimana kwamba hakushika bunduki wala panga ila kasababisha vifo vya maelfu ya watu. Rufaa ilipunguza adhabu 2007, na kuna makosa waliyoondolewa, ila wote watatu walibaki na miaka thelathini na zaidi.

Mwone hapo, profesa na mwanasheria. Chalii wangu wa digrii uko?

Ila kilichonishangaza mimi ni ile redio yenyewe ilivyokuwa. Nilitegemea redio ya kufoka masaa yote. Kumbe RTLM ilipoanza Julai 1993 ilikuwa ndo redio tamu kuliko zote pale Rwanda! Redio ya serikali ilikuwa inaboa, kavu kama risala ya mgeni rasmi, hawa wakaja na muziki wa Kongo, watangazaji wanacheka, wanataniana, wanaongea lugha ya baa, wanataja majina ya wasikilizaji na mitaa yao. Vijana wakaipenda. Mwezi mmoja baadae, tarehe 4 Agosti 1993, mkataba wa amani wa Rwanda ukasainiwa hapa hapa Arusha, na RTLM ikaendelea kuuponda katikati ya nyimbo, leo kidogo kesho kidogo. Watutsi wakaitwa inyenzi, yani mende. Na wimbo mkubwa ulikuwa huu, hao wanajiandaa kuwaua nyie Wahutu, tena karibuni. Ukimwambia mtu ashambulie atasita, ukimwambia anajitetea anaona yeye ndo mwema. Tarehe 6 April 1994 ndege ya rais Habyarimana ikatunguliwa akitokea kwenye kikao Dar es Salaam, na yaliyofuata mnayajua, watu kama 800,000 kwa siku mia hivi.

Sasa hapa kuna ubishi wa watafiti na ni ubishi mtamu, naomba mnivumilie.

Mmoja anaitwa Scott Straus alikwenda magerezani Rwanda akaongea na waliokiri kuua, zaidi ya mia mbili. Wengi hawakusema "redio iliniambia". Walisema walikuja wenzangu, nilifuatwa na kundi, kiongozi wa kijiji alisema, niliogopa kubaki mwenyewe. Mwingine, David Yanagizawa-Drott, mwaka 2014 akatoa utafiti wa aina nyingine kabisa, Rwanda ni milima mitupu kwa hiyo kuna vijiji mawimbi ya RTLM yalifika na vingine mlima ulizuia, akalinganisha. Akakadiria kama asilimia 10 ya ushiriki kwenye yale mauaji inatokana na ile redio, na kwa makundi ya wanamgambo athari ilisambaa hata vijiji vya jirani, sio pale tu redio iliposikika.

Watu wanawagombanisha hao wawili, mimi naona wanaongea kitu kile kile. Redio haikuingia kwenye kichwa cha mtu mmoja mmoja ikamgeuza shetani. Redio iliwaambia wote kwa mpigo kwamba wote wanasikiliza, kwamba hili jambo sasa linasemeka hadharani na wanacheka nalo. Panga lilikuja na jirani.

Na ushahidi wangu wa mwisho kwenye hili ndo naupenda kuliko yote. Baada ya vita, kuanzia 2004, kukawa na mchezo wa redio Rwanda unaitwa Musekeweya, wa vijiji viwili vinavyogombana, lengo lake kupatanisha. Mtafiti mmoja, Elizabeth Levy Paluck, akagawa jamii mbalimbali, wengine wakasikiliza huo mchezo mwaka mzima, wengine wakasikiliza mchezo mwingine wa afya. Matokeo yake? Imani za watu za ndani hazikubadilika sana. Mtu alikuwa bado anaamini aliyoamini. Ila kilichobadilika ni wanavyodhani jamii yao inaonaje, nini kinakubalika, nini sio sawa kukaa nacho kimya, na matendo yao yakabadilika kufuata hiyo picha. Yani redio ya chuki na redio ya amani zilipita mlango ule ule!

Ngoja nile nakuja.

...

Nimerudi. Naona mmeshaanza.

Kuna mdau kauliza hapo chini, "sasa mambo ya Rwanda na kampeni zetu za kanga na pilau wapi na wapi". Kaka sijasema ni sawa. Nimesema mlango ni ule ule. Hebu tuangalie huku kwetu, na sitaji chama, vyote vinafanya, mwenye hela anafanya zaidi, basi.

Lile nyomi la Sheikh Amri Abeid unaloliona kwenye picha ya droni. Wewe hukwenda kule kusikiliza sera, tuseme ukweli, spika yenyewe ukikaa upande wa mbali husikii kitu, na msanii wa Bongo Fleva ndo aliyekuleta. Malori na kosta za kuleta watu toka wilaya za jirani tunaziona zimepaki. Picha ya juu hailengwi kwa waliokuwepo uwanjani, inalengwa kwako wewe uliyebaki nyumbani Njiro au Ngaramtoni na simu yako, uone kwamba watu wameisha huko. Mimi nina ndugu yangu anachapa fulana, msimu wa uchaguzi hapati usingizi, na anasema wateja wake wakubwa hawaulizi kitambaa kina ubora gani wanauliza zitafika ngapi kabla ya jumamosi. Fulana nayo ni hivyo hivyo. Aliyeivaa anaweza akawa hata sio wa chama hicho, kaivaa sababu ni fulana ya bure ya kuendea shamba, ila wewe ukikutana na rangi moja kutoka Sakina mpaka mnara wa saa kichwa kinahesabu kura.

Halafu ya kanga, chumvi na sukari ina saikolojia yake tofauti kidogo. Binadamu akipewa kitu hata kidogo anajisikia ana deni, kote duniani iko hivyo na Afrika ndo kabisa, sisi mgeni hatoki mikono mitupu. Ndo maana sheria yetu ya uchaguzi ilivyorekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu kitu kinaitwa takrima, eti ni ukarimu wa kawaida wa kiafrika. Mahakama Kuu ikaitupilia mbali mwaka 2006. Imeondoka kwenye karatasi, huko mitaani mnajua wenyewe. Na ujanja wake sio kwamba bibi anauza kura kwa kanga moja, bibi ana akili zake, anaweza kula huku akapiga kule. Ila ukoo mzima ukiwa umevaa kanga moja kwenye msiba, nani atasimama kumponda aliyezigawa?

Ukimya huo ndo faida. Mjerumani mmoja mama Elisabeth Noelle-Neumann aliandika mwaka 1974 kwamba mtu akihisi maoni yake ni ya wachache ananyamaza, na akinyamaza wenzake wa maoni hayo wanazidi kujiona wachache nao wananyamaza, inazunguka hivyo mpaka upande mmoja unasikika kama haupo kabisa. Nenda kwenye grupu lenu la ukoo la WhatsApp uone. Watu mia, wanaoposti siasa watano, tisini na tano wako kimya na kila mmoja anadhani yupo peke yake.

Na kurudia rudia. Kuna jaribio la 1977 wanafunzi walipewa sentensi mbalimbali za kweli na za uongo wapime ukweli wake, mara tatu kwa kupishana wiki mbili mbili, zingine zikawa zinajirudia. Zilizojirudia zikaonekana za kweli zaidi kila walipokutana nazo tena, hata za uongo. Sasa ile voisi noti "iliyotumwa mara nyingi" imekufikia toka kwa shangazi, toka kwa mwenyekiti wa vikoba, toka kwa mtu mliyesoma naye. Wewe unahesabu mashahidi watatu. Shahidi ni mmoja, tena humjui.

Mkuu mwingine anasema "basi hakuna namna, wote ni kondoo". Hapana mkuu. Asch alirudia jaribio lake akaweka mtu mmoja mezani anayesema jibu la kweli. Mmoja tu. Makosa yakashuka mpaka robo ya yale ya mwanzo. Hakuhitaji kuwa na wafuasi wala cheo, ilitosha kusikika. Ndo maana tawala nyingi duniani zinahangaika na kagazeti kadogo au kijana mmoja mwenye simu kuliko unavyotegemea, watu wanashangaa kafanya nini cha maana yule, ana wasomaji wangapi. Hesabu yao sio ya wasomaji.

Dada mmoja kauliza swali zuri, kwamba je na sisi, enzi za Mwalimu na vita ya Kagera, ile haikuwa propaganda? Ilikuwa dada yangu, tena ya kiwango. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 2 Novemba Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na Redio Tanzania ikaimba mpaka watoto wakawa wanacheza vita uwanjani na hakuna anayekubali kuwa Amin. Adui mmoja, jina moja, nduli, nyimbo, michango ya ng'ombe na mazao toka kila wilaya. Tofauti ni kwamba uvamizi ulikuwepo kweli, watu wetu walikuwa wamekufa kweli, kwa hiyo mimi siwezi kuiweka kapu moja na wale wa AICC. Ila mashine ni ile ile na tusijidanganye. Vita ilipoisha tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, tukafunga, miezi ikapita maduka bado matupu, na ilichukua muda mrefu sana mtu kusema hadharani mbona mkanda haulegei, maana kila mtu alikuwa anajua majirani wote bado wamefunga.

Hata ile kampeni ya afya ya Mtu ni Afya ya 1973, watu wakakusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa nchi nzima, hiyo nayo unaiwekaje? Baba yangu kule Old Moshi hakuchimba choo kwa sababu ya hotuba. Alichimba kwa sababu wa kulia kachimba na wa kushoto kachimba.

Walioniuliza mambo ya Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya kampeni za mitandaoni, na uchaguzi wa Kenya 2013 na 2017, hiyo inataka uzi wake, bando langu limeisha.